Fahamu: Kisukari Baada ya Kukatwa Sehemu ya Kongosho

Mwaka 1889, madaktari Minkowski na von Mering walidhihirisha huko Strasbourg kwamba mbwa aliyeondolewa kongosho hupatwa na kisukari, ndiyo maana mtu wa Kitale au Bungoma, akiisha kukatwa sehemu ya kongosho, tuseme katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, na kurejea kwenye ugali wake, hana budi kuchunguzwa sukari ya damu hata baada ya kidonda kupona. Chembe zitoazo insulini, homoni ishushayo sukari, hukaa kwa wingi zaidi upande wa mkia wa kongosho, hivyo kiasi na mahali palipokatwa ni muhimu. Na kisukari chaweza kuzuka mara moja au baada ya miaka.

Lililo zito zaidi ni kwamba pamoja na insulini hupungua pia glukagoni, homoni ipandishayo sukari, ndiyo maana mgonjwa aliyejidunga insulini akakosa chakula huweza kushukwa na sukari na kuzirai ghafla. Vimeng'enya vya kongosho visagavyo chakula navyo hupungua: choo huwa cha mafuta, mwili hukonda.

Basi, ndugu msomaji uliyepasuliwa, mwarifu kila tabibu habari ya upasuaji huo, wala usibadili kipimo cha insulini bila shauri lake.