Baridi ya Julai na Tokeni Zinazoisha Haraka

Kama unaishi Limuru, Nyahururu au Kinangop, unajua baridi ya Julai haina huruma. Hita inawashwa jioni, na tokeni zilizokuwa zikikufikisha wiki mbili zinaisha ndani ya siku chache.

Hebu tupige hesabu. Hita ya wati 2,000 hula uniti 2 kwa saa. Iwashe saa mbili kila jioni kwa siku 30, na umemaliza uniti 120 za hita peke yake, kabla hujagusa taa wala pasi. Hapo ndipo wengi hushikwa. Kenya Power huangalia wastani wako wa miezi mitatu. Ukizidi uniti 100 kwa mwezi, unapandishwa hadi bei ya juu, na huteremki mpaka wastani ushuke. Kwa hivyo hata Septemba, jua likiwaka, pesa ile ile inaweza kukupa uniti chache.

Fungua SMS zako za tokeni. Jumlisha uniti (sio shilingi) za miezi mitatu, kisha gawanya kwa tatu. Ukikaribia 100, washa hita nusu saa tu na uongeze blanketi. Blanketi unanunua mara moja. Unaweza kuiwekea akiba kidogo kidogo kwa simu kuanzia Machi.

Na jiko la makaa? Ni nafuu, lakini usilale nalo ndani. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi. Litoe nje kabla ya kulala, hata kama limebaki na makaa mawili tu.