Maputo ya upepo na springi za ziada: Pikapu hunyooka, uzito haupungui

KWA mmiliki wa pikapu inayobeba mizigo, hakuna dalili inayomkera kama kuliona gari lake limekalia matairi ya nyuma, pua imeinuka na taa zake zikiwamulika usoni madereva wanaotoka upande wa pili.

Dawa iliyozoeleka gerejini ni kuongeza bapa moja au mbili katika springi za nyuma. Dawa nyingine ni puto la upepo, yaani mpira mgumu unaofungwa kati ya ekseli na chesisi kisha kujazwa upepo kama tairi. Kifaa hiki kisichanganywe na mfuko wa hewa unaofumuka kwenye usukani wakati wa ajali. Wala si ugeni katika ulimwengu wa magari, kwani kampuni ya Air Lift ya Lansing, Michigan, nchini Marekani, ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya bidhaa za aina hiyo.

Wako wanaovifunga vifaa hivyo viwili katika gari moja. Je, vinaweza kufanya kazi pamoja? Jibu ni ndiyo, ilimradi kila kimoja kiachiwe nafasi ya kufanya kazi yake, na mwenye gari asisahau kuwa hakuna hata kimoja kati yake kinachoongeza uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba.

Springi za pikapu nyingi ni vyuma vya bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwenye ekseli. Springi ya ziada ni bapa nene ambalo gari likiwa tupu halifanyi kazi yoyote. Mzigo unapoongezeka na springi kuu kulala, bapa hilo hugusa mahali pake na kuanza kusaidia. Ubora wake ni kwamba halihitaji kujazwa wala kupimwa. Udhaifu wake ni kuwa haliwezi kurekebishwa kulingana na mzigo wa siku hiyo. Likifungwa lenye nguvu kupita kiasi, gari hudunda na kuwachosha abiria kila linapotembea bila mzigo.

Puto la upepo hufanya kazi kwa njia tofauti. Nguvu yake hutokana na shinikizo la upepo na ukubwa wa eneo linalosukumwa. Kwa mfano, puto lenye eneo la sentimita za mraba 100 likijazwa upepo wa paundi 60 kwa inchi ya mraba, husukuma juu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 420. Mzigo ukishushwa, dereva hupunguza upepo na gari kurudia ulaini wake. Hata hivyo, maputo mengi hayatakiwi kuachwa matupu kabisa. Watengenezaji wengi huelekeza yabaki na paundi 5 hivi ili mpira usijikunje na kuchanika.

Tatizo huanza pale vifaa hivi vinapokutana bila mpangilio. Dereva akijaza maputo mpaka mwisho kabla ya kupakia, nyuma ya gari huinuka na springi ya ziada haigusi kamwe. Hapo maputo mawili hubaki yakibeba mzigo uliopaswa kugawanywa kati ya vyuma na upepo.

Utaratibu unaofaa ni kupima kwanza kimo cha gari likiwa tupu, kuanzia katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Mzigo ukishapakiwa, springi ya ziada iachwe iguse na kubeba sehemu yake. Baada ya hapo upepo uongezwe kidogo kidogo mpaka gari likaribie kukaa sawa, bila kupita kimo cha awali wala kiwango cha juu alichoandika mtengenezaji wa maputo.

Aidha, ni vyema kila puto liwe na njia yake ya upepo. Yakiunganishwa kwa mrija mmoja, upepo hukimbia kutoka upande unaoelemewa kwenda upande wa pili gari linapokata kona, na bodi huzidi kulala.

Jambo zito zaidi ni usalama wa chesisi. Springi ya bapa hushikwa kwenye chesisi katika sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, hivyo uzito hugawanyika. Puto husukuma sehemu moja tu, juu ya ekseli. Iwapo mzigo mkubwa umerundikwa nyuma ya magurudumu, au gari linavuta trela zito, chesisi hugeuka kuwa kama mti uliowekwa juu ya jiwe na kukandamizwa mwishoni. Kila shimo la barabarani huongeza pigo.

Nchini Australia, ambako pikapu za milango minne hutumika sana kuvuta nyumba za magurudumu katika safari ndefu, zimeonekana pikapu zilizopinda chesisi nyuma ya kabini, na baadhi yake zilikuwa zimefungwa maputo ya upepo. Mengi ya magari hayo yalionekana kukaa sawa hadi yalipopinda. Hapo ndipo ulipo mtego wa kifaa hiki, kwa kuwa huondoa dalili ya kuzidisha mzigo na kuuacha mzigo wenyewe palepale.

Breki nazo zinahusika. Baadhi ya pikapu zina valvu inayopima umbali kati ya ekseli na bodi ili kujua kama gari limebeba mzigo, kisha huamua breki za nyuma zipate nguvu kiasi gani. Maputo yakiinua bodi, valvu huchukulia kuwa gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma, wakati ambapo mzigo umejaa. Kwa hiyo fundi anayefunga maputo anapaswa kuikagua valvu hiyo kabla ya gari kutoka gerejini.

Hesabu ya uzito si ngumu. Tuseme pikapu imeandikiwa uzito wa juu wa kilo 2,900 ikiwa na mzigo, na ikiwa tupu ina kilo 1,850. Zinabaki kilo 1,050. Ondoa kilo 210 za dereva na abiria wawili, na kilo 100 za vyuma vya ziada vilivyofungwa. Zinabaki kilo 740, ambazo ni mifuko 14 ya saruji ya kilo 50. Atakayepakia mifuko 20 atakuwa amezidisha kilo 260, hata kama gari limenyooka kama rula.

Ikumbukwe kuwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inahusu magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5. Pikapu nyingi ziko chini ya kiwango hicho. Kwa maana hiyo, mlinzi wa kwanza wa chesisi, breki na uhai wa waliomo ni yule anayesimamia upakiaji.

Kwa ambao tayari wamefunga vifaa vyote viwili, ukaguzi wa mara kwa mara ni wa lazima. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye viungio vya mirija hutoa mapovu palipo na uvujaji. Maputo yasiguse tairi wala kukaribia bomba la moshi. Nyufa zinazoanza kwenye chesisi, hasa karibu na yalipofungwa maputo na nyuma ya kabini, ni onyo la kusimamisha gari siku hiyohiyo, kwa sababu gharama ya kushusha mifuko sita ya saruji ni ndogo kuliko ya kununua chesisi nyingine.