Gitare mbili bila umeme

Hapa Simi-Simi kuna wenzetu wanaosema: bila ampli hakuna muziki. Basi tuangalie Mwenda Jean Bosco na binamu yake Edouard Masengo, watu wa Katanga.

Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo aliyetoka Afrika Kusini, alimkuta Jadotville (ndiyo Likasi ya leo) na gitare kavu, akanasa sauti yake. «Masanga» ikatoka katika disiki. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinaleta wimbo, na msikilizaji anafikiri ni watu wawili. Mtu wa namna ile hana haja ya kulipa orkestra nzima!

Lakini watu wa mbali walimjuaje? Disiki ilitangulia, mwenyewe akafuata. Kule Nairobi kampuni zikawaita wote wawili: Mwenda kutangaza dawa ya Aspro, Masengo kutangaza Coca-Cola. Wengine watacheka kwamba waliimbia vidonge na limonadi. Mimi sicheki, juu redio ile ndiyo iliingiza gitare yao ndani ya nyumba za watu. Tena waliimba Kiswahili, hawakuhitaji mkalimani. Vijana wa Kenya wakaanza kuiga vidole vyao.

Mwaka 1969 Mwenda alifika kupiga Newport, Marekani. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari kule Zambia.

Mwenye gitare ajaribu: gumba peke yake kwanza, polepole, mpaka lizoee. Kiisha aongeze kidole cha pili.