Nifute, Niweke Upya?

"Programu inajifunga yenyewe. Nimeifuta, nimeiweka upya, bado. Sasa nifanyeje?" Swali hili linaulizwa Endamarariek, Karatu, kama linavyoulizwa Kariakoo, na kila mara muulizaji ameshatumia dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Dawa yenyewe ni uganga mtupu.

Usiku wa kuamkia Machi 23, 2021 kwa saa za Afrika Mashariki, simu nyingi za Android duniani zilianza kufunga programu zake, Gmail ikiwamo. Watu wakafuta, wakaweka upya, zikajifunga tena. Kosa halikuwa ndani ya programu hizo. Lilikuwa kwenye Android System WebView, sehemu ya mfumo inayochora kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine. Google ilieleza baadaye kuwa hitilafu ilitokana na utaratibu wa Chrome na WebView wa kupokea majaribio na mipangilio. Kufuta Gmail hakukuigusa WebView hata kidogo: ni kubadilisha gunia wakati mashine ya kusaga ndiyo mbovu.

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba kufuta kuliwasaidia? Kwa sababu marekebisho ya Google yalifika Play Store wakati wao wanahangaika, sifa ikaenda kwa kufuta. Waliorudisha simu katika hali ya kiwandani nao walipona, lakini kwa sababu hatua hiyo huondoa masasisho yote ya programu za mfumo, WebView ikiwamo. Kitufe kimoja cha kuondoa masasisho ya WebView kingetosha. Wao walilipa kwa picha na namba za watu. Mwenye WhatsApp isiyo na nakala rudufu hupoteza mazungumzo yake. Mwenye programu inayotunza hesabu za maharage na mbaazi ndani ya simu tu hubaki bila hesabu. Na bando la kupakua upya nalo si la bure.

Watengeneza programu wasicheke, maana wao wana uganga wao: futa maktaba zote, safisha kashe, jenga upya. Novemba 4, 2022, miradi ya Android iliyotumia React Native, maktaba iliyoanzishwa na Facebook ya kuunda programu za Android na iPhone kwa pamoja, iligoma kujengwa ingawa hakuna aliyegusa msimbo. Faili za Gradle, chombo cha kujenga programu za Android, ziliagiza maktaba hiyo kwa alama ya kujumlisha, yaani "leta toleo jipya kuliko yote". Toleo la majaribio 0.71.0-rc.0 lilipowekwa Maven Central, ghala la maktaba la mtandaoni, miradi ya matoleo ya zamani ikalivuta. Gradle hukumbuka jibu la alama hiyo kwa saa 24, hivyo aliyekimbilia kusafisha kashe alijifutia kinga yake mwenyewe. Tiba ilikuwa matoleo ya marekebisho, yaliyotolewa kurudi nyuma hadi 0.63.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Hesabu kwanza: ikijifunga programu moja, ishuku yenyewe, zikijifunga kadhaa zisizohusiana kwa wakati mmoja, kagua WebView na Chrome. Sasisha zote mbili Play Store. Ikishindikana, fungua Mipangilio, Programu, Android System WebView, ondoa masasisho, zima simu uiwashe. Toleo lenye marekebisho likitoka, sasisha tena, kwani masasisho hayo hubeba pia kinga za usalama. Usifute chochote kabla ya kuweka nakala. Mtengeneza programu asome ripoti ya hitilafu ya Android kabla ya kugusa mstari wowote, na aandike namba kamili ya toleo la kila maktaba. Anayetumia Flutter, zana nyingine ya kuunda programu, ajue kuwa skrini zake huchorwa na injini yake yenyewe, hivyo asiisingizie WebView kila kosa.

Na fundi wa Karatu mjini anayetaka kuiflashi simu, yaani kuiwekea mfumo upya, kabla hajauliza ni programu ngapi zinazojifunga, mwombe akurudishie simu yako.