Hemofilia: Ugonjwa ambao mtoto hufanana na mjomba wake

KIDONDA cha jando kwa kawaida hupona baada ya siku chache. Wapo, hata hivyo, watoto wa kiume ambao damu yao haikomi, na inapobainika kuwa mjomba wa mtoto naye alifariki dunia kwa namna hiyo hiyo, wengi huanza kunong’ona kuwa kuna mkono wa mtu. Wataalamu wa tiba wanao ufafanuzi mwingine: hemofilia.

Mwenye ugonjwa huo ana upungufu wa protini inayogandisha damu. Aina iliyo ya kawaida zaidi, hemofilia A, humpata takribani mtoto 1 kati ya wavulana 5,000 wanaozaliwa.

Jeni inayohusika imo katika kromosomu X. Mwanamke anazo X mbili, hivyo moja ikiwa na kasoro, ya pili kwa kawaida humkinga. Mwanamume anayo X moja tu, aliyopewa na mama yake. Kutoka kwa baba alipata Y. X hiyo ikiwa na kasoro, hana akiba.

Kwa sababu hiyo, mama mbebaji anaweza kuonekana mzima kabisa, lakini kila mtoto wa kiume anayemzaa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuugua, na kila binti uwezekano kama huo wa kuwa mbebaji. Kuugua kwa mtoto wa kwanza hakumpi kinga wa pili.

Kwa baba mgonjwa mambo hugeuka. Ikiwa mkewe si mbebaji, wanawe wa kiume wote husalimika, ilhali mabinti wote huwa wabebaji. Ugonjwa hujificha kizazi kimoja, kisha huibuka kwa wajukuu.

Mfano unaofahamika sana ni wa Malkia Victoria wa Uingereza. Mwanawe Leopold alifariki dunia mwaka 1884 baada ya kuanguka. Binti yake Alice alimzaa Alexandra, aliyeolewa na mfalme wa Urusi na kumzaa Alexei mwaka 1904, akiwa na ugonjwa huo. Vipimo vya mabaki vilivyotangazwa mwaka 2009 vilionyesha kuwa ilikuwa hemofilia B.

Kumlaumu mama, kama ilivyo desturi ya baadhi ya wakwe, hakuna msingi. Hakuna anayechagua kromosomu ya kumpa mtoto. Isitoshe, takriban theluthi moja ya wagonjwa hutokana na kasoro mpya ambayo haikuwahi kuwapo katika ukoo. Baadhi ya wabebaji nao huvuja damu nyingi wakati wa hedhi au kujifungua.

Familia yenye historia hiyo inapaswa kumweleza daktari kabla ya mtoto kutahiriwa au kung’olewa jino, ili damu ipimwe na, ikibidi, achomwe sindano ya protini anayoikosa. Aspirini asipewe, kwani huzidisha kuvuja damu.