Udongo wa kiwanjani waweza kupunguza gharama ya nyumba

KIPENGELE cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 humpa kila mtu haki ya makao bora. Hata hivyo, kwa wengi haki hiyo hukwama kwenye bei ya vifaa vya ujenzi.

Njia moja ya kupunguza gharama ni matofali ya udongo yanayofungamana. Udongo mwekundu wa chini, usio na mboji, huchekechwa, huchanganywa na maji na saruji ya takriban asilimia 5 hadi 10, kisha hushindiliwa kwa mashine ya mkono.

Tofauti na matofali ya kuchoma, haya hayahitaji kuni, hivyo miti husalimika. Hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa ili saruji ishike. Aidha, kwa kuwa hutengenezwa papo hapo, nauli ya lori hupungua.

Lakini udongo haufanani. Mfinyanzi mweusi hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Anayeharakisha kujenga bila kuupima huenda akaona akiba yake yote ikigeuka nyufa.

Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Hapa, ufa huzibwa kabla ya tofali la kwanza.