Mtungi si wa Oksijeni

Niliwahi kuombwa na kituo kimoja cha uzamiaji katika Pwani ya Kusini kuwatafsiria wafanyakazi maagizo ya usalama. Bila ya kusita, ile mitungi ambayo wapiga mbizi huifunga mgongoni niliiita "mitungi ya oksijeni". Fundi aliyeipitia rasimu yangu alicheka, kisha akakunja uso. "Mwalimu," akaniambia, "kwa neno hili utatuulia watu."

Kauli hiyo hunijia kila niwasikiapo wanafunzi, na hata walimu wenzangu, wakilitumia jina hilo. Mtungi wa kawaida wa mzamiaji hutiwa hewa hii hii tuivutayo, ambayo asilimia 21 tu ndiyo oksijeni. Oksijeni tupu, ikivutwa katika kina kinachopita mita 6 hivi, hugeuka sumu. Mzamiaji aweza kushikwa na mtukutiko kama wa kifafa na kufa maji. Tena, oksijeni iliyoshindiliwa ikikutana na mafuta au grisi yaweza kuwaka na kulipuka. Basi aagizaye "oksijeni" aweza kuletewa oksijeni kweli!

Hatari ya pili imo katika neno "hewa" lenyewe, maana kwetu hewa ni kitu chepesi kisichomdhuru mtu. Lakini hewa iliyoshindiliwa mtungini hufikia kanieneo ya baa 200, takriban mara mia ya ile ya gurudumu la gari dogo. Mtungi wa chuma ulioingia maji ya chumvi huliwa na kutu kwa ndani, nje uking'aa. Baadhi ya mitungi ya alumini ya aloi iitwayo 6351, iliyotumiwa sana kabla ya miaka ya 1990, ilipatikana na nyufa shingoni, na michache ikapasuka ilipokuwa ikijazwa. Ndiyo maana mitungi hufaa kukaguliwa ndani kila mwaka, na nchini Marekani hupimwa kwa kanieneo ya maji kila miaka 5.

Nililifuta neno langu, nikaandika "mtungi wa hewa iliyoshindiliwa". Ni jina refu, lakini linasema kilichomo na linaonya. Walimu wenzangu, istilahi si pambo la mtihani. Kuna watu wanaoishi au kufa kwayo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuujua mtungi wa mzamiaji: huko, usipouona ufa, huenda asibaki wa kuujenga huo ukuta.